Plasta kwenye Swichi Nyekundu

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu, kama ubao uliovunjwa kwa goti. Nilikuwa nje ya ofisi ya mradi wa wakulima nilikofanyia utafiti wangu, mjini Sumbawanga, nikigongesha viatu ukutani ili kutoa tope, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba tairi la gari la mradi limepasuka. Wazo la pili lilikuwa kwamba tairi halitoi harufu ile. Ilinifikia kupitia dirishani, harufu ya samaki aliyesahauliwa jikoni ikichanganyika na plastiki, na nyuma yake ikafuata sauti ya mratibu wetu, mtu aliyezoea kuzungumza polepole na kwa sauti ya chini, akipiga kelele: "Yesu! Yesu wangu! Zimeni!"

Nilipoingia, kompyuta kubwa ya ofisi ilikuwa ikitoa moshi mwembamba mgongoni. Ndani yake mlikuwa na orodha zote za wakulima wa mradi na, kwa hisani waliyonifanyia, sura nne za tasnifu yangu ya uzamili. Mratibu alikuwa amesimama juu ya kiti. Sijui kwa nini mtu anayeogopa umeme hupanda kitini, lakini alikuwa amepanda, na hadi leo naamini kwamba sehemu kubwa ya yaliyofuata ilitokana na jambo hilo dogo: kwamba wanawake wawili tulimkuta akiwa pale juu.

Mwanamke wa pili alikuwa fundi. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano, mwenyeji wa Malangali, mtaa wa hapohapo mjini, na kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Shirika lilipobinafsishwa alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na taipureta mbovu ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaka. Aliifungua ili aone kilichomo. Baada ya taipureta zikafuata redio, hasa za wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi, ambao walimletea redio zilizojaa vumbi la malishoni na kungoja mlangoni mpaka ziimbe. Baada ya redio, mradi wetu ulipopata kompyuta zake za kwanza na moja ikafa ndani ya mwezi, mtu akasema yuko mama mmoja Malangali. Ndivyo alivyoingia, kama kibarua, na kibarua ndivyo alivyobaki, ingawa ofisi nzima ilisimama kwa mikono yake.

Asubuhi ile hakupiga kelele. Alichomoa waya ukutani na kuigeuza mashine mgongo ukaelekea dirishani, kisha akaitazama. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akachukua bisibisi.

"Umeifanya nini?" mratibu alimuuliza, akishuka kitini.

"Mimi ndiyo nimeingia sasa hivi, baba. Aliyebonyeza ni nani?"

"Mimi nimebonyeza kama ninavyobonyeza kila siku!"

"Basi pole," alisema fundi, akaanza kufungua skrubu.

Kufikia saa sita alikuwa amekwisha kung'oa pawa saplai iliyopasuka, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, na kuweka nyingine aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa zamani. Kompyuta iliwaka. Orodha zilikuwepo. Sura zangu nne zilikuwepo. Hasara yote, ikiwa lazima tuiite hasara, ilikuwa kisanduku kimoja na heshima ya mtu mmoja. Mratibu hakumshukuru. Alikwenda ofisini kwake, ambako ukuta ulikuwa umejaa vyeti vyake vya semina, kila kimoja kikiwa na gamba la nailoni, kimojawapo kikithibitisha kwamba amehudhuria mafunzo ya siku tano ya matumizi ya kompyuta. Chini ya vyeti hivyo aliketi akaandika barua makao makuu. Nakala yake niliiona siku ya pili mezani kwa karani. Ilisema kwamba mashine ya mradi imeharibiwa na "mtumishi wa muda asiye na sifa za kitaaluma," na kwamba nafasi ya kudumu ya fundi wa kompyuta, ambayo ilikuwa itangazwe mwezi ule, sasa isitolewe kwa mtu yeyote asiye na cheti kinachotambulika kimataifa.

Nafasi hiyo ilikuwa ya fundi wetu huyu. Kila mtu alijua hivyo. Alikuwa ameingoja kwa miaka miwili.

Hapa napaswa kueleza habari ya Jumamosi. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mahindi yetu yalinunuliwa na yeyote mwenye lori, mashirika yalikuwa yameuzwa au yamekufa, na kila ukuta wenye nafasi mjini ulikuwa na bango la mafunzo ya kompyuta. Kazi zilikuwa chache na vyeti vilikuwa vingi. Fundi alikuwa amepata, sijui kutoka kwa nani, kitabu kinene kilichovuliwa jalada, cha kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa kompyuta unaotungwa nje na kufanyiwa Dar es Salaam. Kilikuwa cha Kiingereza. Yeye alikuwa na Kiingereza cha barua za ofisini, nami nilikuwa na Kiingereza cha chuo kikuu, kwa hiyo kila Jumamosi tuliketi sebuleni kwake, nikisoma maswali na kuyafafanua, naye akijibu huku akichambua mchele.

"Kompyuta haiwaki," nilimsomea siku moja. "Hatua ya kwanza ya fundi ni ipi? Wanatoa majibu manne: kukagua waya wa umeme, kufungua kasha, kubadilisha pawa saplai, au kuwasiliana na mtengenezaji."

"Namuuliza nani aliyeigusa mwisho."

"Dada, hilo halimo."

"Halimo?" Alisogea akatazama ukurasa kana kwamba nilikuwa namficha jibu. "Hawa wanatengeneza mashine za watu gani, ambao hawazigusi?"

Nilicheka sana. Na katika kucheka huko, nikiwa na shahada moja kabatini na ya pili njiani, nilitoa ushauri ambao leo nikiukumbuka uso wangu unawaka. Alikuwa amekwisha kupanga safari ya kwenda kufanya mtihani. Nilimwambia aache. Nilimwambia kwamba cheti ni karatasi, kwamba mikono yake inajulikana, kwamba anayeajiri mwenye akili huangalia kazi. Nilitoa hoja tatu, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kupanga hoja. Alinisikiliza kwa makini, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na akaahirisha.

Hoja zangu zote tatu zilikuwa sahihi. Ila hakuna hata moja iliyomhusu mtu asiye na karatasi yoyote, na mimi sikuwa nimewahi kuwa mtu huyo.

Sasa nieleze jioni iliyotangulia mlio. Wenyeji wa Sumbawanga wa miaka ile wanakumbuka kwamba umeme wa jioni haukuwa umeme kamili. Ilipotimia saa kumi na mbili, nyumba zote zikiwasha taa kwa pamoja, balbu zilibadilika rangi zikawa kama kiini cha yai, na kompyuta zilizima zenyewe. Wenye vibanda vya kuchapa barua karibu na soko walikuwa wamegundua dawa. Mgongoni mwa kompyuta, pale waya wa ukutani unapoingia, kuna swichi ndogo nyekundu. Ukiisogeza upande mmoja, mashine inajua iko katika nchi ya umeme mkubwa kama yetu; upande wa pili, inajua iko katika nchi ya umeme mdogo, karibu nusu yake. Basi jioni, umeme wetu ukinywea, walisogeza swichi kwenye umeme mdogo, mashine ikaamka, wakaendelea na kazi. Hilo waliliita kuishusha. Asubuhi kabla ya kuwasha, waliipandisha. Ulikuwa utaratibu wa mji, na nathubutu kusema kwamba hakuna kitabu duniani kilichoufikiria, kwa sababu kuna watu wachache sana ambao nchi yao huwa nchi nyingine kila jioni. Hatari yake ni moja tu. Ukisahau kuipandisha, umeme kamili wa asubuhi unaingia katika mashine iliyoambiwa ingoje nusu.

Fundi aliuchukia utaratibu huo. Katika kila mashine ya ofisi yetu alikuwa ameziba swichi nyekundu kwa kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, na juu yake akaandika kwa kalamu ya wino: USIGUSE.

Jioni ile nilikuwa naandika sura ya nne, kuhusu jinsi wakulima wa uwanda wetu wanavyofukia nyasi chini ya vilima vya udongo ili zioze na kurutubisha ulezi wa msimu unaofuata. Nilikuwa katikati ya sentensi. Mashine ikazima. Nilingoja, nikaiwasha, ikazima tena. Nikazunguka nyuma, nikabandua plasta, nikaishusha swichi, nikamaliza sentensi yangu na nyingine nyingi baada yake. Kisha umeme ukakatika kabisa. Nikazima mashine kwa kitufe chake, nikavaa koti, nikaenda nyumbani nikiifikiria sura ya tano.

Kwa hiyo asubuhi, fundi alipoigeuza mashine kuelekea dirishani, niliona alichokiona. Swichi ilikuwa upande wa nchi nyingine. Pembeni yake palikuwa na alama ya mstatili, safi kuliko kasha zima lililojaa vumbi, mahali plasta ilipokuwa. Na fundi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kugusa mashine mbovu bila kuuliza swali lake moja, siku ile hakuliuliza. Alimuuliza mratibu aliyebonyeza ni nani. Hakuuliza nani aliyeigusa mwisho.

Nilijiambia kwamba amesahau. Nilijiambia kwamba mashine imepona, kwa hiyo hapana jambo la kukiri. Nilijiambia pia kwamba barua ya mradi ya kuniruhusu kutumia takwimu zao katika tasnifu bado haijasainiwa, na hili ndilo lililokuwa kweli.

Siku ya tano akaja fundi mwenye cheti, ametumwa na makao makuu kutoka Mbeya kukagua na kuandika ripoti. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Alishuka basi akiwa mwekundu kwa vumbi na tope kwa pamoja, mwanamume wa miaka thelathini hivi, na kabla ya kunawa alitaka kuona mashine.

"Huko Mbeya wameniambia imepasuka yenyewe," alisema. "Nikajua tu, Sumbawanga hao, wameitupia radi."

"Radi za kwetu hazina kazi ndogo kama hiyo," fundi alimjibu, akiupokea ule utani wa nchi nzima kwamba wachawi wa kwetu hutuma radi. "Tungekuwa tumeituma, mngeisikia hukohuko."

Mgeni alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafungua kasha, akatazama pawa saplai iliyobadilishwa, akafuata nyaya kwa kidole. "Aliyefanya hii anajua kazi," alisema, bila kumlenga mtu yeyote. Akatoa daftari. Akageuka akatutazama wote.

"Nani aliigusa mwisho?"

Naapa kwamba ndivyo alivyouliza, kwa maneno yaleyale. Fundi aliinamisha kichwa na nikaona mdomo wake ukizuia tabasamu.

"Huyu hapa ndiye anayezigusa zote," alisema mratibu, "na hana cheti chochote."

"Dada?" mgeni alimgeukia fundi.

"Mimi niliondoka saa tisa," alisema fundi. "Niliiacha na plasta yake."

Mgeni aliandika: plasta. Akauliza ilikuwa ya nini, akaelezwa, akaandika hilo pia. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, chupa ya chai mkononi. Watu wanne tulikuwa ndani ya chumba, watatu wakauliza au wakajibu, na mimi hakuna aliyenigeukia. Si kwamba waliniamini. Hawakuona haja hata ya kuniamini. Nilikuwa msomi, msomi haharibu mashine, huitumia.

Wakati wa chai nilimuuliza yule mgeni, kwa sauti iliyokuwa na ukali nisioukusudia, kama cheti chake kina faida yoyote. Hakuudhika.

"Kinanipa kiti," alisema. "Nusu ya niliyosomea sijayaona tangu nimeanza kazi. Lakini kilinifundisha kuandika. Nimefanya hiki, saa hii, nimeikuta hivi. Huyu dada angekuwa na daftari la nani ametumia mashine na saa ngapi, mimi nisingepanda basi."

Alibandika namba yake ya simu ubavuni mwa kompyuta, ikisumbua apigiwe, akasema ripoti yake itatoka baada ya wiki. Asubuhi yake aliondoka. Mratibu akamwambia fundi abaki nyumbani mpaka ripoti ije.

Mchana huohuo niliingia ofisini kwa mratibu. Nilisema wazi, kwa sentensi kamili, kwamba niliyebandua plasta ni mimi, niliyeshusha swichi ni mimi, na niliyesahau ni mimi.

Alinitazama kwa upole. "Kaa, dada."

"Nitasimama tu."

"Nakuelewa. Unamwonea huruma. Na ni jambo jema, mmezoeana. Lakini usijichafue. Wewe una masomo yako."

"Simwonei huruma. Nakwambia nililolifanya."

"Mtu wa shahada ya uzamili?" Alicheka kidogo, kwa namna ya kunibembeleza. "Usingeweza kufanya kosa kama hilo. Hilo ni kosa la mtu asiyesoma." Na mbele yangu akavuta barua ya takwimu zangu, akaisaini, akanipa.

Niliichukua. Hilo nalo niliandike, kwa kuwa naandika kweli yote: niliichukua nikatoka nayo. Nimewahi kutukanwa maishani, na nimewahi kudhulumiwa, lakini sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika kwenye ukumbi nje ya mlango wake, nikiwa na barua niliyoihitaji mkononi na kosa langu ambalo lilikuwa limekataliwa kwa sababu sikufanana nalo. Karatasi zangu zilikuwa na nguvu ya kuniosha hata nilipotaka kuchafuka. Na kutokuwa na karatasi kwa mwenzangu kulitosha kumchafua akiwa nyumbani kwake, ameondoka ofisini saa tatu kabla ya tendo lenyewe.

Ilinichukua siku tatu zaidi kufika Malangali. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipalilia maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, msomi. Umekuja na kitabu?"

"Nimekuja na hii." Ilikuwa plasta. Nilikuwa nimeibandika kwenye ukingo wa daftari langu la utafiti jioni ile bila kufikiri, na hapo ilikaa siku zote, USIGUSE, nikifungua na kufunga daftari juu yake.

Aliitazama, akaendelea na jembe.

"Ulijua," nilisema.

"Vidole vya nani vingine vinakaa mle ndani jioni?"

"Mbona hukuuliza?"

"Niulize mbele ya yule aliyekuwa juu ya kiti?" Alinyoosha mgongo. "Ukisema kweli, unafukuzwa kabla hujamaliza makaratasi yako. Ukisema uongo, sitakukaribisha tena, na Jumamosi nani atanisomea? Nikaona ninyamaze. Nikasema huyu ana akili, atasema mwenyewe. Leo siku ya tisa."

"Nimemwambia mratibu. Amekataa."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu, ameegemea mpini, hata jirani akachungulia uani. "Amekataa! Unaona sasa? Mimi nakataa kosa, napewa. Wewe unaomba, unanyimwa." Alipangusa macho. "Na wewe ukaniambia cheti ni karatasi."

Niliinama nikang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu.

"Ningekuwa nacho, angeniuliza kwanza kabla hajaandika. Mimi sitaki wanifundishe. Nataka niulizwe. Nikipata nauli yangu tena nakwenda kuufanya huo mtihani, na swali lao la kwanza nitalijibu wanavyotaka wao." Akarudi kwenye tuta. "Yule mgeni wa Mbeya aliuliza. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi unangoja nini hapa kwenye maharage yangu?"

Nilipita ofisini kunakili namba iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta, kisha nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na stendi. Mwenye kibanda aliniunganisha, akanikabidhi mkono wa simu na kugeuka kando kwa adabu, ingawa chumba kilikuwa kidogo mno kwa adabu hiyo kuwa na maana. Iliita mara nne. Wakati ikiita nilipanga maneno, nikayapangua, nikaona kwamba nayapanga ili nionekane vizuri, nikayaacha.

"Haloo?"

Nilijitaja. Nilimkumbusha chupa ya chai na dirisha. "Ulipokuja ofisini uliuliza nani aliigusa mwisho," nilisema. "Ni mimi. Plasta niliibandua mimi, ninayo hapa mkononi. Ripoti umeshaituma?"

Nikasikia huko Mbeya kiti kikivutwa sakafuni.

"Bado," alisema. "Ngoja nichukue daftari." Kurasa zikafunuliwa. "Haya, dada. Anza na saa. Ilikuwa saa ngapi?"

Nikaanza na saa.